Mkubwa Ndiye Anayeshuka: Risala ya Madereva wa Ukutani kwa Mkurugenzi wa Ajira

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Ajira na Usafirishaji, Msimamizi wa Yadi, Mwenyekiti wetu, maofisa mliofuatana na mgeni, madereva wenzetu mliokaa, na ninyi mliosimama kwa sababu mabenchi hayakutosha. Wanaostahili shikamoo tunawaamkia, wengine tunawasalimu.

Tumeambiwa una nusu saa tu, na kwamba saa nne kamili waliochaguliwa wataingia ofisini kusaini mikataba. Tutasoma haraka kidogo. Sauti ya msomaji ikikatika katikati, si kipaza sauti kilichoharibika, ni yeye mwenyewe. Amekuwa hivyo tangu asubuhi.

MAKARIBISHO

Karibu sana katika yadi hii, mgeni rasmi. Tunajua kila siku unaingia na gari kupitia lango kubwa, lakini leo umekubali kupita lango dogo kwa miguu, na tumefurahi, maana huku ndiko tuliko sisi. Ukuta ulio kushoto kwako ndio ofisi yetu. Una kivuli mpaka saa tano, baada ya hapo tunahamia upande wa pili wa barabara na kurudi jioni. Benchi refu tumeazimwa na fundi wa matairi. Kiti ulichokalia ni cha dada karani wa ofisini kwako; gurudumu moja limeng'oka na tumeshikiza kipande cha mbao, kwa hiyo tunakuomba kwa heshima zote usiegemee kushoto.

SISI NI NANI, NA TUMETOKA WAPI

Sisi ni madereva sitini na watatu wa magari marefu, yale ya kichwa na tela. Wengi wetu tulifanya kazi katika kampuni iliyokuwa humu yadini kabla yenu. Ilipofungwa, magari yakauzwa, sisi tukabaki na leseni mifukoni. Wengine walikwenda kulima, wengine wanabeba mchanga kwa magari ya kukodi, wengine ukiwauliza wanafanya nini wanabadilisha mazungumzo. Mwezi uliopita magari yenu arobaini yalipoingia, viti vikiwa bado na nailoni, habari ilitufikia wote kabla ya saa sita mchana, na kesho yake ukuta ulijaa.

Zamani tuliendesha wawili wawili. Kila gari lilikuwa na mkubwa na mdogo wake. Haikuwa lazima mkubwa awe mzee. Alikuwa yule aliyeanza kushika usukani kabla ya mwenzake. Mmoja akiendesha, mwingine analala kwenye kitanda kilicho nyuma ya viti, na kila baada ya muda wa saa nne mnabadilishana. Mnakula pamoja, mnagombania redio, na mkirudi nyumbani mnakuta wake zenu wanajuana kuliko mnavyojuana ninyi. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mwanamke pekee katika kundi na tunamwita Dada Honi kwa sababu utakazozisikia akianza kuongea, aliendesha na mdogo wake wa tumbo moja. Kwa wengine wetu mkubwa alikuwa mtu baki tu siku ya kwanza, na kufika mwaka wa pili amekuwa kaka au baba.

MAFANIKIO

Hatukuja kujisifu, mgeni rasmi, ingawa Mwenyekiti amesema tukijisifu kidogo hatutakufa. Mwaka wa mafuriko, magari yetu kumi na moja yalipita njia ya mlimani yakiwa na mitungi ya oksijeni ya hospitali, na mitungi yote ikafika imesimama. Gari la mbele siku ile liliendeshwa na mzee aliyekaa safu ya tatu, mwenye shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikono ikakakamaa. Usimtafute sana kwa macho, ataona haya. Tunamwita Taratibu.

Jina hilo tulimpa kwa sababu ndilo neno lake. Amefundisha madereva ishirini na wawili kati ya hawa unaowaona, na wote amewafundisha kwa mtindo mmoja: anakaa pembeni, anazima redio, anakutaka utaje kwa sauti kila unachokiona. Kushoto baiskeli. Mbele basi linataka kutoka. Kulia mama na mtoto, mtoto haangalii. Ukinyamaza anakuamuru usimamishe gari, maana kwake dereva aliyenyamaza ni dereva asiyeona. Mwenyewe amezoea hivyo mpaka akitembea kwa miguu. Juzi tulikwenda kumzika mwenzetu, tumeinamisha vichwa, na nyuma yetu tukasikia sauti ya chini kabisa: "Shimo kushoto." Hata wafiwa walicheka.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa ni rekodi. Kampuni yako imetangaza kwamba dereva aliyeandikiwa makosa zaidi ya mawili ya barabarani ndani ya miaka saba hataajiriwa. Hatulipingi hilo. Gari la namna ile likimponyoka mtu asiyejali, linaumiza watu ambao hawakuwa na habari. Siku ya tangazo ulisema pale langoni, "Mimi simjui mtu, naijua rekodi yake." Wengi wetu tulitikisa vichwa kukubali, kisha tukaenda nyumbani chakula kikatushinda.

Wiki iliyofuata dada karani akawa anatuita mmoja mmoja kuchukua rekodi zetu zilizotolewa kwenye kompyuta. Wapo waliotoka na karatasi moja nyeupe, wakaibusu. Ya Taratibu ilitoka kurasa tatu. Makosa kumi na manne, tisa kati ya hayo ni mwendo kasi. Dada karani aliisoma, akamtazama, akaisoma tena.

"Baba, hii ni yako kweli?"

"Jina si langu?"

"Ni lako."

"Basi ni yangu. Ahsante, mwanangu."

Alizikunja kurasa zake mara nne na kuziweka kwenye mfuko wa shati. Mtu anayeitwa Taratibu, mwendo kasi mara tisa! Baadhi yetu tulicheka, kicheko kile kibaya cha mtu asiyejua pa kuficha uso.

Jumatatu orodha ya waliochaguliwa ikabandikwa langoni. Majina kumi na manne. Namba moja ni Katibu wa kundi hili, ambaye ndiye anayekusomea. Namba tisa ni mdogo wake Mwenyekiti. Wote kumi na wanne walikuwa wadogo katika magari yao. Mkubwa hayumo hata mmoja, wala yule aliyeongoza oksijeni, wala Dada Honi mwenyewe. Tangazo linasema pia mwisho wa umri ni miaka hamsini na mitano, na Taratibu anaifikisha tarehe tano ya mwezi ujao. Wengine wakikosa safari hii watasubiri nyingine. Yeye hana nyingine.

Sisi kama kundi tunapenda kusema kwamba rekodi za miaka ile zina mambo ambayo si rahisi kuyaeleza mbele za watu, na kwamba utaratibu wa kazi wakati ule ulikuwa tofauti na wa sasa. Sentensi hiyo kamati imeiandika kwa siku mbili. Kulikuwa na waliotaka tuseme kwamba orodha yako imesimama kichwa chini miguu juu, lakini kamati iliamua tusiseme hivyo, kwa hiyo hatusemi.

UKURASA WA NNE

Mgeni rasmi, kurasa tatu ulizozisikia zilipitishwa na kamati. Huu wa nne haukupitishwa na mtu. Nimeuandika leo asubuhi mezani jikoni, mke wangu akinipigia pasi shati hili la kusainia mkataba. Mwenyekiti, najua sasa hivi unapekua nakala yako. Haumo humo. Najua pia kwa nini ulitaka tunyamaze, na sikulaumu hata kidogo. Damu ni damu. Niache nimalize, ukatibu utaninyang'anya baadaye.

Askari akisimamisha gari, mkubwa ndiye anayeshuka. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kazi ambao kamati haikutaka kuueleza. Hata kama mkubwa alikuwa amelala, anaamka, anavaa viatu, anachukua leseni yake, anashuka na kusema, "Afande, dereva ni mimi." Mdogo anabaki juu na kunyamaza. Hakuna aliyetuamuru. Ilikuwa heshima. Mkubwa ndiye anayejua kuongea na wakubwa wenzake, na isitoshe fomu ya safari ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina la dereva, na ni mdogo gani angethubutu kuandika jina lake pale wakati kaka yake yupo? Kamera za mwendo zilipokuja, barua zikawa zinakuja kwa jina lililo kwenye fomu. Faini tulilipa wote wawili. Jina likabaki la mmoja.

Hatukuona ubaya wowote, kwa sababu hakuna mwajiri aliyewahi kuuliza rekodi. Waliuliza mzigo na matairi. Tuliamini tunawaheshimu wakubwa wetu, kumbe miaka yote ile tulikuwa tunawafungia milango. Ukisoma rekodi hizi, mgeni rasmi, unasoma ni nani aliyeshuka. Nani aliyeshika usukani hakuandikwa humo.

Nilikuwa mdogo wa Taratibu kwa miaka sita. Kati ya makosa yake kumi na manne, yaliyo yake mwenyewe ni mawili: taa ya nyuma iliyoungua, na siku aliposimama pasiporuhusiwa kumnunulia mkewe dawa. Kumi na mawili ni yangu mimi. Mwendo kasi wote tisa ni wangu.

Lipo moja linalonikosesha usingizi. Kwenye karatasi yake liko ukurasa wa pili, limeandikwa "uendeshaji wa hatari". Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa siku mbili kabla na nilikuwa sijamwona. Mchana, karibu na daraja, nililipita lori la saruji mahali ambapo mstari wa katikati ya barabara hauruhusiwi kuvukwa. Gari dogo lilikuwa linakuja. Dereva wake akaniepa, akatoka nje ya barabara, akasimama kwenye majani, kioo cha pembeni kimevunjika. Dereva huyo alikuwa mama mmoja, na ndani mlikuwa na watoto wawili. Hakuna aliyeumia. Yule mama alitoka, akawashusha watoto, akakaa chini kwenye changarawe. Filimbi ya askari ikalia. Taratibu alikuwa amelala nyuma yangu, akainuka.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Na wao?"

"Sijui, mzee. Naona wanatembea."

"Kaa hapo. Mkubwa ndiye anayeshuka."

Nilimwona kwenye kioo. Yule mama alimfokea mpaka sauti ikamwisha, na alikuwa na haki ya kila neno. Taratibu alisimama ameinamisha kichwa akisema, "Nisamehe, mama. Nisamehe sana." Mtu ambaye hajawahi kupita hata mkokoteni kwenye kona. Alipanda, akanisukuma upande wa pili, akashika usukani mwenyewe. Nilingoja anitukane. Alisema neno lake moja, lile lile, na hakulirudia tena siku ile wala hajawahi kunikumbusha jambo hilo mpaka leo.

Fomu yako iliuliza kama nimewahi kufanya kosa kubwa barabarani. Niliandika "Hapana", nikatia saini. Ndiyo maana mimi ni namba moja.

Jumatatu orodha ilipobandikwa nilimfuata pale ukutani. Alikuwa anakung'uta vumbi kwenye viatu vyake vya kuendeshea, ambavyo huvibeba kwenye mfuko kila siku ili siku ya kuitwa visiwe na udongo.

"Mzee, nitakwenda nimwambie mkurugenzi."

"Umwambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Halafu tukae wote wawili ukutani? Akili za wapi hizo?" Akanyoosha kola yangu, maana hawezi kuona kola imekunjika. "Saini mkataba wako. Na utafute viatu vyenye soli nyembamba. Hivi vyako havisikii breki."

Nilimwahidi kwamba nitasaini. Naomba radhi, mzee wangu, ahadi hiyo imenishinda.

Naogopa, mgeni rasmi, sitaki kukuficha. Mke wangu hajui ninachokisoma saa hizi. Alipiga pasi akiimba, na nikitoka hapa sijui nitaanzaje kumweleza. Mtoto wangu yule aliyezaliwa siku za daraja anaanza shule mwakani. Na sijui kama kukiri mbele ya hadhara hii kutanifikisha kwa afande mwingine. Huenda. Lakini nimejaribu kujiona nimekaa kwenye kiti cha nailoni, natoka na gari kwa lango kubwa, na yeye amesimama ukutani na mfuko wake wa viatu ananipungia mkono. Kila nikifika hapo nashindwa kuendelea.

MAOMBI

Narudi kusema kwa niaba ya kundi, kama kundi bado linanikubali.

Ulisema unaijua rekodi. Tunakuomba usome na rekodi nyingine. Nyuma ya kila fomu ya safari tuliandika zamu zetu kwa penseli: nani ameshika usukani kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Hatukuziandika kwa ajili ya askari. Tuliziandika ili mtu asiibiwe saa zake za kulala, na mambo ya usingizi hakuna dereva anayeyafanyia mzaha, kwa hiyo ni za kweli. Fomu hizo bado ziko stoo humu yadini, kwenye maboksi yaliyo nyuma ya matairi mabovu, na Msimamizi wa Yadi ana ufunguo. Chukua karatasi ya makosa, chukua fomu ya siku hiyo, linganisha saa. Ya siku ya daraja nimekuja nayo, iko kwenye mfuko huu wa plastiki nitakaokukabidhi. Penseli imefifia lakini inasomeka.

Tunaomba pia watu wajaribiwe barabarani kabla ya kuandikwa au kuachwa. Kaa mwenyewe pembeni ya Taratibu, mgeni rasmi, nusu saa tu, umsikilize anavyotaja anachokiona. Ukishuka bado unaona hafai, hatutakusumbua tena. Ila tunaomba iwe kabla ya tarehe tano.

Na fomu zenu mpya za safari ziwekeni mistari miwili ya dereva. Hilo halihitaji kikao.

Jina langu lifute kwenye orodha, au lishushe mpaka mwisho na unipeleke kwenye jaribio na wengine, uamuzi ni wako na nitaupokea. Wadogo wenzangu kumi na watatu sitawasemea. Kila mmoja anaijua karatasi yake na karatasi ya kaka yake. Atakayetaka kusimama asimame, na asiyetaka tusimgeuzie mgongo, ana watoto kama mimi. Tunakuomba tu usiwafukuze kwa kosa la heshima tuliyolelewa nayo kazini. Wanajua kuendesha. Wamefundishwa vizuri.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ahsante kwa kukaa nasi muda wote huu kwenye kiti kibovu bila kuegemea kushoto. Mungu akutangulie kila utokapo, akurudishe salama kwa wanaokungoja, na akupe utulivu utakapoishika tena orodha yako mkononi.

Mzee Taratibu, najua kwamba kufikia mstari huu umeshashika mgongo wa benchi la mbele unataka kunyanyuka. Najua na utakachosema: kwamba kijana amechanganyikiwa, rekodi ni yako, jina ni lako. Kaa, baba. Gari limesimamishwa, aliyelisimamisha yuko mlangoni, na dereva ni mimi. Leo nashuka mimi.

Ni sisi,
Madereva wa Ukutani.

Imesomwa na Katibu, namba moja kwenye orodha mpaka saa nne.